Kamera mpya Bariadi: nani atailipa, na kwa msimu upi?

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

MSIMU wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa mkoani Simiyu, kwa kawaida kuanzia Mei, wanaojiandaa si wanunuzi wa pamba peke yao. Wenye studio za video wa Bariadi, Maswa, Lamadi na Mwanhuzi nao huanza kufuta vumbi kwenye lenzi na kuhesabu betri, kwa maana fedha ya pamba ikishamfikia mkulima, sehemu yake huenda kwenye mahari, sendofu, harusi na ngoma za mavuno. Kati ya Julai na Oktoba Jumamosi moja yaweza kugombewa na kamati tatu za harusi. Januari na Februari, mwenye studio huyo huyo hukaa kibarazani akingoja wateja wa picha za paspoti.

Katika maandalizi hayo swali moja hurudi kila mwaka: kamera iliyopo imalize msimu mwingine, au inunuliwe mpya? Swali hilo linastahili nafasi katika ukurasa huu kama zinavyostahili bei za pamba na dengu. Kamera ya kazi pamoja na lenzi na betri zake yaweza kumeza Sh. milioni 10, fedha ambayo mwingine angeanzishia duka la vipuri vya pikipiki. Mwenye studio akikosea hesabu, kinachoondoka ni mtaji wote, na wakati mwingine kiwanja alichoweka dhamana.

Msimamo wa makala haya tunautaja mapema: wengi hubadili kamera kabla ya wakati, na wengi wanaolalamika kwamba wamepitwa, kilichowapita si kamera.

SOKO NA USHINDANI

Simiyu ni mkoa mchanga. Ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za Shinyanga na Mwanza, na mwaka huo sensa ilihesabu watu milioni 1.58. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu milioni 2.14. Bariadi ilipofanywa makao makuu ilipata ofisi za mkoa, matawi ya benki na watumishi wenye mishahara, watu ambao harusi zao hazingoji pamba. Kisha maonyesho ya Nane Nane kitaifa yakafanyika Nyakabindi mwaka 2018, 2019 na 2020, na mashirika yaliyokuja kuonyesha bidhaa yalihitaji watu wa kupiga picha na kuhariri.

Pamoja na neema hiyo ilikuja lami. Barabara ya Lamadi na ile ya Maswa zimewarahisishia wasafiri, lakini pia zimewaleta vijana wa Mwanza, ambao sasa huweza kuondoka kwao asubuhi na kamera tatu na droni, wakafanya harusi ya Bariadi na kurudi. Upande wa pili yupo mjomba wa bwana harusi mwenye simu nzuri, anayerusha picha kwenye makundi ya WhatsApp kabla keki haijakatwa. Studio ya Bariadi imebanwa katikati, na hofu ndiyo hununua kamera nyingi kuliko hesabu.

Wateja wenyewe hawafanani. Kamati ya harusi inataka kumbukumbu nzima kwenye flashi na kipande kifupi cha kutuma kwenye simu. Manju wa ngoma za Kisukuma anataka video ya wimbo itakayopandishwa YouTube, yenye rangi za kung'aa na picha za wachezaji uwanjani. Vikundi vya ngoma vinavyoendeleza ushindani wa Bagika na Bagalu hucheza mchana, kwenye jua kali, ambapo hata kamera ya wastani hutoa picha safi. Shule zinataka mahafali. Halmashauri na mashirika hutaka filamu fupi za miradi. Kamera moja ikinunuliwa kwa hofu ya mteja mmoja, gharama yake hubebwa na wote.

VIZAZI VYA KAMERA

Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994, wakati ambapo kazi za harusi zilirekodiwa kwa kamera za begani zenye mikanda ya VHS. Mwaka 1995 ikaja mikanda midogo ya dijitali, MiniDV, na kamera kama Sony VX1000. Mwaka 2004 Sony ikatoa HDR-FX1, iliyotumia mikanda hiyo hiyo kurekodi picha za HDV. Mwaka 2008 Canon ikatoa EOS 5D Mark II, kamera ya picha za mnato iliyorekodi video kwenye kadi kwa ubora uliowashangaza watu wa filamu. Baada ya hapo zikafuata kamera ndogo za 4K: Panasonic GH5 mwaka 2017, Sony a7 III mwaka 2018, Sony FX3 mwaka 2021.

Ukiitazama orodha hiyo kwa jicho la mfanyabiashara utaona kwamba uzuri wa picha haukuwahi kumlazimisha mtu kubadili. Kilicholazimisha ni mkanda na deki. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha mwezi Julai mwaka 2016. Lakini muda mrefu kabla ya hapo mteja alikuwa ameshaanza kuuliza, "Mtanipa kwenye CD?" Siku mteja anapokosa chombo cha kuchezea kazi yako, kamera yako imekwisha hata kama inawaka.

Upo pia upande wa pili wa jambo hilo. Aliyenunua HDV mpya kwa bei kamili mwaka 2009 alipata kamera nzuri, ila aliingia nyumba ambayo wenyeji walikuwa wanafungasha. Kadi zilikuwa zimeshashika kasi. Kamera ikafanya kazi miaka kadhaa, na alipotaka kuiuza hakupata mnunuzi. Hasara ya namna hiyo haionekani siku ya kununua, huonekana siku ya kuuza, ndiyo maana katika hesabu zitakazofuata bei ya kuuzia tena imepewa nafasi yake.

Nao waliokimbilia kamera za picha za mnato walikutana na lao. Ile 5D Mark II ilikata rekodi baada ya dakika 12 hivi, kwa sababu faili lake halikuruhusiwa kuzidi gigabaiti 4. Kamera nyingi zilizoifuata zilikata kwenye dakika 29 na sekunde 59, kwa kuwa katika Umoja wa Ulaya kifaa kinachorekodi dakika 30 au zaidi kilihesabiwa kuwa kamera ya video na kutozwa ushuru wake. Forodha ya Ulaya ikawa inakata hotuba ya mshenga Bariadi. Mwenye kamera ya begani ya mwaka 2014, tuseme Sony HXR-MC2500, alirekodi ibada yote bila kugusa kitufe. Udhaifu wa kamera hiyo ni mwingine: kipande chake cha ndani kinachopokea mwanga ni cha robo inchi tu, hivyo usiku, taa za ukumbi zikiwa hafifu, picha hujaa chenga.

HESABU

Tuchukue mfano. Tarakimu ni za kuonyesha njia, msomaji aweke zake.

Studio ina kamera ambayo leo ikiuzwa italeta Sh. milioni 2. Inafanya kazi 25 kwa mwaka. Kila kazi, baada ya kulipa msaidizi, usafiri na uhariri, hubakiza Sh. 200,000 za kuendeshea studio na familia. Mwenye studio anataka seti ya Sh. milioni 10. Akiuza ya zamani, fedha mpya inayotakiwa ni Sh. milioni 8.

Tuseme kamera mpya itamwezesha kupandisha bei kwa Sh. 50,000 na wateja wote 25 wakakubali. Ongezeko ni Sh. 1,250,000 kwa mwaka. Kwa mwendo huo Sh. milioni 8 zitarudi baada ya miaka sita na miezi mitano, na hakuna kamera ya miaka sita ambayo bado inaitwa mpya.

Sasa tuseme kamera mpya, mbali na bei, inaleta kazi nane zaidi ambazo hapo awali zilikuwa zinakwenda kwingine kwa sababu ya ubovu wa kamera. Kila moja ibakize Sh. 250,000. Hizo ni Sh. milioni 2. Ukijumlisha na ile 1,250,000 unapata Sh. 3,250,000 kwa mwaka, na fedha inarudi baada ya miaka miwili na nusu hivi. Hapo kuna biashara.

Tofauti kati ya hesabu ya kwanza na ya pili ni kazi nane tu. Uamuzi wote unasimama juu ya namba hiyo, lakini ndiyo ambayo studio nyingi hazina. Wana namba za simu za wateja waliokuja. Wa wale waliokwenda kwingine hawana chochote.

Dawa yake ni daftari la Sh. 1,000. Kila kazi inayoulizwa na kukosekana iandikwe: tarehe, aina ya shughuli, na sababu. Sababu ziwe chache: bei, tarehe imejaa, kamera, nyaraka. Msimu mmoja unatosha. Aliyekosa kazi kwa sababu tarehe imejaa anahitaji msaidizi wa pili na kamera ya pili ya kawaida, tena ya mtumba inamtosha. Aliyekosa kwa sababu ya bei hatasaidiwa na kamera itakayomlazimisha kupandisha bei. Na wapo wanaokosa kazi za halmashauri wakidhani tatizo ni kutokuwa na 4K, wakati tatizo ni TIN, leseni, risiti ya EFD na kujisajili kwenye mfumo wa NeST, ambao serikali ilianza kuutumia mwaka 2023 kwa manunuzi yake. Nyaraka hizo hazifiki hata sehemu ndogo ya bei ya lenzi.

Safu ya "kamera" ndiyo pekee inayohesabiwa katika uamuzi huu. Ikiwa na kazi mbili kwa msimu mzima, subiri.

KUKODI KWANZA

Kati ya kusubiri na kununua kuna njia ya tatu ambayo wenye studio wa wilayani huionea aibu, nayo ni kukodi. Aibu hiyo ni ghali. Tuseme kamera ya kisasa inakodishwa Mwanza kwa Sh. 150,000 kwa siku. Kamera ya Sh. milioni 10 itakayouzwa kwa Sh. milioni 4 baada ya miaka minne imekula Sh. milioni 6, yaani Sh. milioni 1.5 kwa mwaka, sawa na siku 10 za kukodi. Basi mwenye kazi sita za namna hiyo kwa mwaka akodi, na mwenye kazi kumi na tano anunue. Mwenye kumi ajiulize jambo moja zaidi: Jumamosi za Agosti na Septemba, wakati kila mtu anakodi, je, kamera hiyo itapatikana? Kama haipatikani, hesabu inaegemea kununua, maana huwezi kuiahirisha harusi ya watu.

Kukodi kuna faida nyingine: unaifahamu kamera kwa fedha ya mteja kabla ya kuifungia yako. Wengi waliovutiwa na kamera ndogo za 4K waligundua shida baada ya kulipa, na shida haikuwa kwenye kamera. Ilikuwa kwenye kompyuta.

Kamera ya begani ya HD inayorekodi kwa megabiti 24 kwa sekunde hutumia takriban gigabaiti 11 kwa saa. Kamera ya 4K inayorekodi kwa megabiti 100 hutumia gigabaiti 45. Harusi ya saa nane, kutoka saluni hadi ukumbini, ni gigabaiti 86 kwa ile ya kwanza na gigabaiti 360 kwa ya pili. Ukitunza nakala mbili, kama inavyopaswa, unahitaji gigabaiti 720 kwa harusi moja. Diski mbili za terabaiti 4, zikibeba nakala zinazofanana, zitajaa kwenye harusi ya kumi na moja. Kompyuta iliyokuwa inahariri HD kwa siku mbili sasa inahema wiki nzima, na katikati ya wiki umeme ukikatika kazi huanza upya. Anayesema kamera ni Sh. milioni 10 hajasema bei. Bei ni kamera, kadi, diski na kompyuta.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inalitambua jambo hili kwa namna yake. Kompyuta na vifaa vyake zimo katika daraja la kwanza, ambapo uchakavu hukatwa kwa asilimia 37.5 kwa mwaka ya thamani iliyobaki. Kamera, kwa kuwa haikutajwa kwenye madaraja mengine, kwa kawaida huangukia daraja la tatu lenye asilimia 12.5. Kwa anayetunza vitabu vya hesabu, kompyuta ya Sh. milioni 4 humpunguzia faida inayotozwa kodi kwa Sh. milioni 1.5 mwaka wa kwanza, wakati kamera ya Sh. milioni 10 humpunguzia Sh. 1,250,000 tu. Asiyetunza vitabu hapati lolote kati ya hayo.

VINAVYOTANGULIA KAMERA

Miaka michache iliyopita mwandishi wa makala haya alihudhuria sendofu ya dada yake hapa Bariadi. Studio iliyopewa kazi, ambayo haitatajwa, ilikuwa imetoka kununua kamera mpya, na kamati ilionyeshwa kamera hiyo kabla ya kutoa malipo ya awali. Picha zilipokuja zilikuwa safi kiasi kwamba ungeweza kuhesabu shanga kwenye shingo ya bibi harusi. Babu aliposimama kutoa wosia wake, akaeleza ng'ombe walivyopokelewa na nani asimame wapi siku shida ikitokea, betri ya maiki ilikuwa imekwisha na hakuna aliyevaa vibanio vya masikioni kusikiliza. Kinachosikika kwenye video ni jenereta. Babu alifariki mwaka uliofuata. Mama angeitoa video yote, shanga na ukumbi na keki, apewe dakika tatu za sauti ile.

Kwa hiyo, mwenye Sh. milioni moja asiyejua aanzie wapi, aanze na maiki mbili zisizotumia waya, kinasa sauti kidogo cha kuchomeka kwenye mashine ya MC, na taa mbili za LED zenye betri. Ukumbi uliomulikwa vizuri huifanya kamera ya mwaka 2014 ionekane ya juzi. Vitu hivyo havizeeki haraka, na siku kamera mpya itakapokuja vitafanya nayo kazi.

Zipo dalili zinazoonyesha kwamba wakati wa kamera yenyewe umefika, na hizo zisipuuzwe. Kamera inayojizima yenyewe shughulini ni hatari kuliko mkopo. Kamera yenye nafasi moja ya kadi inamwacha mwenye studio na nakala moja ya kitu kisichorudiwa, ndiyo maana kamera zenye nafasi mbili, zinazoandika kadi zote kwa pamoja, zinastahili kulipiwa zaidi. Vumbi la Simiyu likishaingia ndani ya lenzi isiyobadilishwa, fundi wa kulisafisha yuko mbali. Na pale betri halisi zinapoanza kuadimika madukani, na zinazobaki ni za kuiga zinazokufa dakika ya arobaini, soko limeshakuambia.

MAREJESHO HAYANGOJI MVUA

Sasa tuje kwenye fedha yenyewe. Kamera nyingi hununuliwa kwa mkopo, na mkopo wa kawaida huhesabiwa kwa mwezi. Turudi kwenye studio yetu ya mfano, sasa ikiwa na kazi 33 zinazobakiza Sh. 250,000 kila moja, jumla Sh. 8,250,000 kwa mwaka. Inakopa Sh. milioni 8 kwa miezi 12, riba asilimia 18 inayohesabiwa kwenye mkopo wote. Itarudisha Sh. 9,440,000, yaani Sh. 786,667 kila mwezi. Hata studio ikifanya kazi zote, mwenyewe asile wala asilipe pango, bado haitafika. Ikiongezewa miaka kuwa miwili, rejesho linashuka hadi Sh. 453,333 kwa mwezi na zinabaki Sh. 2,810,000 kwa mwaka za kuishi, na hiyo ni kama kazi zingegawanyika sawasawa. Hazigawanyiki. Tangu Januari hadi Mei, kipindi kinachoangukiwa pia na Kwaresima, ambapo ndoa nyingi za Kikristo husubiri, studio ikipata kazi tano itakuwa na Sh. 1,250,000 mkononi dhidi ya marejesho ya Sh. 2,266,665.

Pamba yenyewe ina mwaka wake mbaya. Mwaka 2019 bei elekezi ilitangazwa kuwa Sh. 1,200 kwa kilo, lakini bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi waliopeleka pamba yao walikaa muda mrefu bila kulipwa. Fedha isipofika kwa mkulima haifiki kwa kamati, na isipofika kwa kamati haifiki kwa mpiga picha. Aliyesaini mkopo wa kamera mwezi Mei wa mwaka kama huo alisaini kwa matumaini ya fedha iliyokuwa bado kwenye ghala la AMCOS. Kwa sababu hiyo anayekopa azungumzie na mkopeshaji ratiba ya marejesho yanayoelemea Agosti hadi Desemba, na akikataliwa apunguze mkopo, siyo apunguze chakula.

Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha vijana wa video kinaweza kuijaribu. Wanakikundi wakubaliane mapema, kwa maandishi, nani atabeba kamera Jumamosi ambayo kila mmoja ana harusi.

Dola nayo ina neno. FX3 ilipotoka mwaka 2021 bei yake Marekani ilikuwa dola 3,900 bila lenzi. Kwa dola ya Sh. 2,300 ya mwaka huo ilikuwa takriban Sh. milioni 8.97. Katikati ya mwaka 2024 dola ilikuwa imepita Sh. 2,600, na dola 3,900 zile zile zikawa zaidi ya Sh. milioni 10.1, kabla ya usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18. Kuna waliosema heri walionunua mapema. Huenda. Lakini kamera iliyokaa miaka mitatu bila kazi nane za ziada haikuokolewa na dola.

Kwa maoni ya mwandishi, mwezi wa kununua kwa Bariadi ni Novemba. Fedha ya msimu iko mkononi, daftari la kazi zilizopotea limejaa na linasomeka, mkulima anarudi shambani kupanda, na mpiga picha ana miezi sita ya kujifunza kamera kwenye mahafali, ibada na vikao kabla hajaipeleka kwenye harusi ya mtu. Anayenunua Juni hujifunzia kwenye harusi.

KAMERA ZA MTUMBA

Mtumba si aibu, na kwa kamera ya pili ndiyo njia ya kawaida. Ila kuna mambo ya kukagua ambayo muuzaji hatayataja. Kamera iliyokuja kutoka Japani au Marekani huweza kuwa imefungwa kwenye mfumo wa NTSC, picha 30 au 60 kwa sekunde, wakati umeme wetu ni wa hezi 50. Ukumbini, chini ya taa za umeme wa TANESCO, picha itapepesa kama mshumaa kwenye upepo. Nyingine hubadilishwa kwenda PAL kwenye menyu, nyingine hazibadiliki. Kamera za Sony zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani mara nyingi huwa na menyu ya Kijapani peke yake. Kamera za begani nyingi huhifadhi saa zilizotumika, na idadi hiyo isomwe. Kwenye kamera ndogo, hesabu ya picha zilizopigwa haisemi lolote kuhusu saa za video. Chomeka kadi kwenye nafasi zote mbili, rekodi saa nzima juani, usikilize sauti kwenye kila tundu la maiki, kisha fungua mafaili hayo kwenye kompyuta yako mwenyewe kabla fedha haijahama. Muuzaji asiyeweza kusubiri hiyo saa moja, mwache aende na kamera yake.